Kwa nini ua la majira ya baridi ya Ulaya halistawi Kigali?

Bustani nyingi za Ulaya zinapokuwa zimelala chini ya theluji, helebori huchanua. Majani yake hubaki ya kijani mwaka mzima, na maua yake meupe, ya waridi au ya zambarau hujitokeza kati ya Desemba na Machi. Mkazi wa Kigali aliyeliona ua hili kwa jamaa zake walioko Ubelgiji au Ufaransa huenda akatamani kulipanda uani kwake. Hata hivyo, hali ya hewa ya Kigali inalinyima kitu kimoja ambacho mbolea na maji haviwezi kukifidia, nacho ni baridi kali.

Mmea wa milimani na vichakani

Helebori ni jina la jamii ya mimea yenye spishi takriban 20. Ile maarufu zaidi, ambayo Wazungu huiita waridi la Krismasi, asili yake ni milima ya Alps. Nyingine, iliyozaa aina nyingi za bustanini, hutoka Ugiriki, Uturuki na maeneo ya Caucasus. Huko huota chini ya miti inayopukutisha majani, kwenye udongo wenye mboji nyingi usiotuamisha maji.

Maua yake hudumu kwa wiki nyingi, na sababu yake inaeleweka. Sehemu zenye rangi zinazoonekana kama petali kwa hakika ni sepali, yaani vijani vinavyolifunika ua likiwa bado tumba. Petali hunyauka upesi baada ya uchavushaji, ilhali sepali za helebori hubaki hadi mbegu zikomae.

Baridi ndiyo saa yake

Wengi hudhani kwamba mmea huu huchanua licha ya baridi. Ukweli ni kwamba unaihitaji. Mbegu yake hukaa kwanza wiki kadhaa katika udongo wenye joto na unyevu, kisha hupitia wiki nyingine za baridi inayokaribia kuganda, ndipo huota. Mmea mkubwa nao huongozwa na mzunguko huohuo: baridi ya muda mrefu huujulisha kwamba wakati wa kutoa maua umefika. Hata pale panapoufaa, mmea uliooteshwa kwa mbegu huchukua miaka miwili, mitatu au zaidi kabla ya kuchanua.

Kigali iko karibu nyuzi 2 kusini mwa Ikweta, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Wastani wa joto ni kama nyuzi 20 au 21 za Selsiasi, na haubadiliki sana kutoka mwezi hadi mwezi. Usiku huwa na ubaridi wa kujifunika shuka, lakini hauleti jalidi. Mtu anaweza kuziweka mbegu za helebori kwenye friji zikaota, lakini bustani nzima haiingii kwenye friji.

Kinyume chake ni rahisi zaidi. Mwaka 1892, Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alikusanya katika eneo la Tanga mmea mdogo wa kivulini wenye maua ya zambarau. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland aliuita Saintpaulia kwa heshima yake. Leo mmea huo wa Tanga huchanua madirishani Ulaya hata wakati wa baridi, kwa sababu nyumba za huko hupashwa joto.

Kipindi kigumu cha Kigali ni Impeshyi

Kinachojaribu bustani za Kigali ni ukame. Wanyarwanda hugawa mwaka katika majira manne: Urugaryi, kiangazi kifupi cha mwanzo wa mwaka, Itumba, mvua ndefu za Machi hadi Mei, Impeshyi, kiangazi kirefu kuanzia Juni, na Umuhindo, mvua zinazoanza Septemba. Wakati wa Impeshyi nyasi hukauka, vumbi hutanda juu ya majani na bili ya maji hupanda.

Kwa hiyo anayetaka ua la kijani lisilokata tamaa katika kipindi kigumu hana budi kutafuta mimea iliyozoea kiu. Kwenye jua, mishubiri huhifadhi maji katika majani yake manene, na aina nyingi huchanua wakati wa kiangazi. Kinifofia, yenye maua mfano wa mienge ya moto, ina jamaa wa porini katika nyanda za juu za Afrika Mashariki. Agapanto kutoka Afrika Kusini hutoa vishada vya buluu, na mizizi yake minene hustahimili ukame. Kwenye kivuli, mahali ambapo helebori ingepandwa, klivia inafaa. Nayo hutoka Afrika Kusini, huwa kijani mwaka mzima, na hupenda mapumziko makavu kabla ya kutoa maua ya rangi ya chungwa.

Utunzaji wake si mgumu. Kupanda mwanzoni mwa Umuhindo huipa mizizi miezi mingi ya kushuka chini kabla ya Juni. Matandazo ya nyasi kavu huzuia unyevu kupotea, mradi yasigusane na shina. Kumwagilia kwa wingi mara mbili kwa wiki, alfajiri au jioni, ni bora kuliko kunyunyizia kidogo kila siku, kwa kuwa maji yanayofika chini huifanya mizizi iyafuate.

Sumu na mipaka

Anayesisitiza kuijaribu helebori anapaswa kujua mambo mawili. La kwanza ni kwamba sehemu zote za mmea huu zina sumu kwa watu na mifugo, na utomvu wake huweza kuwasha ngozi. Klivia pia ina sumu ikiliwa. Kwenye nyumba zenye watoto wadogo au mbuzi uani, mimea hiyo ipandwe mahali wasipofika.

La pili ni kwamba mche au mbegu kutoka nje haviingizwi nchini kwa kufichwa ndani ya sanduku la nguo. Vinahitaji kibali cha RICA, mamlaka ya ukaguzi ya Rwanda, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi vinakotoka. Udongo wa chungu kimoja unaweza kubeba kuvu au minyoo ya kushambulia mazao. Gugumaji nalo lililetwa Afrika kutoka Amerika Kusini kwa ajili ya uzuri wa maua yake. Lilishuka na mto Akagera hadi Ziwa Victoria, ambako tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 limeziba njia za wavuvi katika nchi tatu.

Helebori yenyewe haielekei kuleta balaa la aina hiyo Kigali. Kinachotarajiwa ni majani yatakayodhoofika pasipo ua. Fedha ya kuiagiza ingeweza kununua miche kadhaa ya mishubiri na klivia kwa wauza miche wa mjini, ikawa tayari kupandwa mvua za Septemba zitakapoanza.