Ukichukua mbwa wawili waliozoeana, wote wachanjwe

Msomaji mmoja wa Bariadi ameniuliza swali ambalo kwa kawaida huenda kwa daktari wa mifugo. Jirani yake, mtumishi wa umma, amepata uhamisho na hawezi kuondoka na mbwa wake wawili, machotara waliokua pamoja, wanaokula sahani moja na kulala wamebanana. Msomaji anahitaji mlinzi mmoja tu wa usiku. Je, amchukue mmoja au wote?

Kama chakula kipo, chukua wote. Mbwa waliozoeana wakitenganishwa ghafla, wengine hugoma kula, hulia usiku kucha au hutoroka kurudi walikotoka. Shida ni kwamba kukataa chakula, kulia kwa sauti ngeni na kubadilika tabia ni dalili za kichaa cha mbwa pia. Nani nyumbani kwako atatofautisha? Mbwa mpweke anaweza kuuawa bure, na mwenye kichaa akabembelezwa na watoto kwa kudhaniwa amemkumbuka mwenzake.

Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufariki. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria vifo 59,000 kwa mwaka, vingi Afrika na Asia, na karibu vyote chanzo chake ni mbwa. Wanne kati ya kila kumi wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa ni watoto wa chini ya miaka 15. Simiyu hilo halishangazi: mtoto ndiye anayekwenda malishoni na ng'ombe, na mbwa humfuata. Huko wapo fisi, mbweha na mbwa wasiojulikana. Tunapakana na Serengeti, na magonjwa hayaheshimu mpaka wa hifadhi. Mwaka 1994 distempa, ugonjwa mwingine wa mbwa, uliua takriban theluthi ya simba wa Serengeti.

Sasa kuna mazoea ninayoyasikia sana: "Nimchanje huyu mkali kwanza, yule mpole baadaye." Hapana. Chanjo ya mmoja haimlindi mwenzake, wala haimlindi mtoto anayecheza na wote wawili. Tena virusi huweza kuwamo katika mate siku chache kabla mbwa hajaonekana mgonjwa.

Kabla ya kuwapokea, muulize jirani maswali mawili. Kila mbwa ana kadi yake ya chanjo? Asiye na kadi mhesabu kuwa hajachanjwa. Na je, katika miezi ya karibuni yupo aliyeng'atwa au kupigana na mnyama asiyejulikana? Virusi huweza kujificha mwilini kwa wiki au miezi, kwa hiyo mbwa kuonekana mzima leo si ushahidi. Jibu likiwa ndiyo, usimlete nyumbani kabla mtaalamu wa mifugo hajamwona.

Ofisa mifugo wa kata atawachanja wote siku moja na kuwapa dawa ya minyoo. Usisubiri kampeni ya Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Wakiwa dume na jike, zungumza naye kuhusu kuwahasi, maana hata ndugu wa tumbo moja hupandana. Na utumbo au maini mabichi ya machinjioni usiwape, yana minyoo inayoweza kumfikia binadamu.

Mtu aking'atwa, hata na mbwa wa nyumbani, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Usipake pilipili, mafuta wala majivu. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mbwa akionekana mzima asiuawe. Afungiwe siku 10, ofisa mifugo amwangalie, lakini wewe usingoje siku hizo ziishe ndipo uanze chanjo.

Siku ya kuwahamisha, mwombe jirani akupe na gunia wanalolalia. Wafunge uani wiki mbili za mwanzo, mkiwalisha watu wazima, si watoto.