Sonona Isiyonyima Usingizi

Muulize mtu yeyote sonona ikoje, atakwambia mgonjwa halali, chakula hakipiti, amekonda, hacheki. Sasa chukulia mama muuza vitumbua anayeingia kwa daktari akilalamikia miguu. "Mizito kama nimefungiwa mawe." Faili lake nene: malaria, vidonda vya tumbo, malaria tena. Ukimuuliza habari za usingizi anainamisha uso. "Nalala, daktari, mpaka naona aibu. Naamka saa nne, wateja wameshakunywa chai kwa jirani." Anakula kuliko zamani, amenenepa. Mjukuu akija anacheka, tena cheko la kweli. Akiondoka, kiza kinarudi. Neno moja kali la shoga yake humlaza siku mbili.

Wagonjwa wa namna hii walielezwa na West na Dally, madaktari wa London, mwaka 1959. Mwaka 1994 mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, DSM-IV, ukaweka vigezo: moyo uwe bado unachangamka jambo jema likitokea, kisha ziwepo walau dalili mbili kati ya hizi nne: kula sana au kunenepa, kulala kupita kiasi, mikono na miguu kuwa mizito, na ile hulka ya siku nyingi ya kuumia mno mtu anapokataliwa. Inaitwa sonona isiyo ya kawaida. Jina silipendi, kwa sababu si nadra hata kidogo.

Inatuponyoka wapi? Katika kuuliza. Dodoso la kupima sonona, PHQ-9, lina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, na lile la usingizi linataja yote mawili, kukosa usingizi na kulala kupita kiasi. La chakula vivyo hivyo. Lakini foleni ikifika mlangoni, muulizaji hufupisha: "Unalala?" Mama anajibu ndiyo, anaandikiwa sifuri. La chakula, sifuri nyingine.

Tunakosea pia katika kuandika. ICD-10, orodha ya kimataifa ya namba za magonjwa, imeipa sonona hii nafasi yake, F32.8. Wenye haraka huandika F32.9, yaani isiyobainishwa, na daktari wa zamu ijayo haambiwi kitu. Mimi hutaka faili lionyeshe nini kilipimwa kwanza: damu, sukari, tezi ya shingo. Lionyeshe pia kama aliulizwa juu ya kujiua, na kama amewahi kupitia siku za kuchangamka kupindukia, halali wala hachoki. Hili la mwisho husahauliwa sana, nalo lina hatari yake: kwa mwenye baipola, yaani anayepanda na kushuka hivyo, dawa ya sonona ikitolewa peke yake yaweza kumrusha huko juu.

Faili la mama yetu ningeliandika hivi: "Miezi 4. Analala saa 11 kwa siku. Uzito umeongezeka kilo 6. Hucheka na mjukuu. Asema: miguu mizito kama nimefungiwa mawe. Siku za kuchangamka kupindukia: hajawahi, dada yake naye asema hivyo. Kujiua: ameulizwa, amekana. F32.8. Arudi baada ya wiki 2, aulizwe tena usingizi, pande zote mbili."