Mshale wa Mafuta: Namna ya Kuusoma na Wakati wa Kujaza

Miongoni mwa malalamiko yanayotufikia mara kwa mara ni hili: dereva amenunua petroli ya shilingi 20,000, amewasha gari, na mshale wa mafuta haukupanda kama alivyotarajia. Papo hapo huamini kwamba amepunjwa. Huenda amepunjwa kweli, lakini mshale peke yake hauwezi kuthibitisha jambo hilo. Wapo pia madereva waliouamini mshale kupita kiasi, wakajikuta wamezimikiwa na gari barabarani usiku. Makosa haya mawili yana chanzo kimoja, nacho ni kuudhania mshale kuwa kipimo, ilhali ni kiashiria tu.

Geji inavyofanya kazi

Ndani ya tangi la mafuta mna boya dogo lililofungwa kwenye mkono mwembamba. Mafuta yakipungua boya hushuka, na mkono wake hubadilisha kiasi cha umeme kinachokwenda kwenye dashibodi. Umeme huo ndio unaousogeza mshale, au kuwasha na kuzima vijimstari katika magari yenye geji ya kidijitali. Kwa hiyo geji haihesabu lita. Huonyesha kimo cha boya.

Kutokana na hali hiyo, mtumiaji anapaswa kukumbuka mambo matatu. Kwanza, matangi mengi hayana umbo la sanduku; yamepindwa ili yaenee chini ya gari. Nusu ya kimo, basi, si lazima iwe nusu ya ujazo. Ndiyo maana katika magari mengi nusu ya pili huonekana kwisha upesi kuliko ya kwanza. Pili, boya linaweza kufika ukomo wake wa juu kabla tangi halijajaa kabisa, na ukomo wa chini kabla halijakauka. Tatu, gari likiwa mlimani au mtelemkoni, mafuta huegemea upande mmoja. Anayepanda Kitonga anaweza kuuona mshale umesogea ilhali mafuta ni yale yale.

Isitoshe, geji nyingi zimetengenezwa zibadilike polepole, ili mshale usichezecheze kila gari linapopita kwenye shimo. Kwa sababu hiyo, tunashauri geji isomwe gari likiwa mahali tambarare, na baada ya kujaza mafuta dereva asubiri dakika chache kabla ya kutoa hukumu.

Taa ya onyo

Herufi F huashiria tangi limejaa, na E huashiria limekaribia kuwa tupu. Mshale ukikaribia E, taa yenye alama ya pampu huwaka. Taa hiyo haimaanishi kwamba mafuta yamekwisha. Imebaki akiba, na kiasi chake hutofautiana kati ya gari na gari.

Kitabu cha gari ndicho kinachoeleza kiasi hicho. Hata hivyo, magari mengi nchini yameagizwa kutoka Japani yakiwa yametumika, na kitabu chake ama ni cha Kijapani ama hakipo. Mwenye gari la aina hiyo anaweza kuitafuta akiba mwenyewe. Taa inapowaka, nenda kituo kilicho karibu na ujaze tangi mpaka mkono wa pampu ujifunge. Kisha toa lita zilizoingia katika ujazo wa tangi. Tangi la lita 45 likipokea lita 38, akiba ilikuwa takriban lita 7.

Wakati huo huo sifurisha kihesabu cha safari kilicho kwenye dashibodi. Utakapojaza tena, gawanya kilomita ulizosafiri kwa lita zilizoingia. Gari lililokwenda kilomita 420 kwa lita 35 linatumia lita moja kwa kila kilomita 12. Akiba ya lita 7 ingelifikisha, kwa hesabu, kilomita 84. Lakini katika foleni za Dar es Salaam gari hilo hilo linaweza kushuka hadi kilomita 8 kwa lita, na akiba ile ile ikaishia kilomita 56. Tena, pampu ya gari haiwezi kuyanyonya mafuta yote yaliyo chini ya tangi. Usiipangie akiba safari yoyote zaidi ya kukufikisha kituoni.

Wakati wa kujaza

Ushauri wetu ni kujaza mshale unapofika robo, bila kungoja taa. Sababu si woga wa kukwama tu. Katika magari mengi ya petroli pampu ya umeme imewekwa ndani ya tangi, na mafuta yenyewe ndiyo yanayoipoza. Mazoea ya kuendesha tangi likiwa karibu tupu huweza kufupisha maisha yake. Gari la dizeli likikaukiwa, hewa huingia kwenye mfumo wa mafuta, na mara nyingi haliwaki tena mpaka fundi aitoe. Zaidi ya hayo, injini ikizimika gari likiwa mwendoni, usukani huwa mzito na breki hupoteza msaada wake baada ya kukanyagwa mara chache.

Kwa safari ndefu, panga vituo kabla ya kuondoka. Barabara ya Morogoro kwenda Iringa, kwa mfano, hupita takriban kilomita 50 ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Hapo si mahali pa kushuka garini na dumu mkononi kutafuta mafuta. Wala dumu la petroli ndani ya gari si kinga, kwa kuwa mvuke wake hushika moto kwa urahisi.

Ukidhani umepunjwa

Anza na hesabu. Bei ikiwa shilingi 3,000 kwa lita, shilingi 20,000 hununua lita 6.7 hivi. Katika tangi la lita 45 hizo hazifikii hata robo. Ikiwa boya lilikuwa limelala kwenye ukomo wake wa chini, sehemu ya mafuta hayo itaingia bila mshale kusogea. Jambo hilo si ushahidi wa wizi.

Ushahidi hukusanywa kwenye pampu. Kabla ya kujaziwa, hakikisha bei iliyo kwenye bango haizidi bei kikomo inayotangazwa na EWURA kila mwezi, pampu ina stika ya Wakala wa Vipimo, na tarakimu zake zimeanzia sifuri. Baada ya kujaziwa, dai risiti na usome lita zilizoandikwa. Ikiwa risiti inaonyesha lita 55 kwa tangi la lita 45, hapo una hoja nzito ambayo mshale usingeweza kukupa.

Andika namba ya pampu, tarehe na saa, kisha mweleze msimamizi wa kituo. Usiporidhika, peleka lalamiko la kipimo kwa Wakala wa Vipimo, na la bei au ubora wa mafuta kwa EWURA, ukiambatisha nakala ya risiti. Risiti halisi baki nayo mpaka shauri lako litakapokwisha.