Tumbo Likigongwa, Usisubiri Kuona Damu

Mwendesha bodaboda akianguka na usukani ukamgonga tumboni, mara nyingi huinuka, hujipangusa vumbi na kusema yuko sawa. Ngozi haijachanika. Lakini ndani huenda mshipa unavuja. Ni hivyo hivyo kwa mchumaji wa miraa aliyeanguka mtini kule Igembe, mtoto aliyepigwa teke na ng'ombe, au abiria katika barabara ya Meru–Embu, ambako Julai 2022 basi lilitumbukia Mto Nithi na kuua zaidi ya watu 30.

Mtu mzima ana takriban lita 5 za damu, na tumbo huficha nyingi kabla ya kuvimba. Mara nyingi huvuja kutoka kwa wengu, chini ya mbavu za kushoto, au ini. Mishipa mikuu iliyo mbele ya uti wa mgongo huumia mara chache, ila ikichanika kila dakika ni ya thamani.

Angalia jasho baridi, kiu kali, mapigo ya moyo ya haraka, ulimi uliopauka, na kizunguzungu. Maumivu ya bega la kushoto ambalo halikugongwa nayo ni dalili, ingawa wengi huyapuuza.

Mlaze, mfunike, piga 999 au 112. Usimpe chai wala maji hata akiomba, kwani huenda akafanyiwa upasuaji. Usimkande tumbo. Aspirini na ibuprofeni huzidisha kuvuja kwa damu. Na tafadhali, asibebwe mshikaki kwenye pikipiki. Afikishwe kwenye hospitali yenye chumba cha upasuaji na akiba ya damu, kama zile za rufaa za Meru na Embu. Katiba, Kifungu cha 43(2), inakataza kumnyima mtu matibabu ya dharura.

Hospitalini, tumbo hupimwa kwa ultrasaundi. Presha ikishuka licha ya kuongezewa damu, hupelekwa kupasuliwa mara moja ili mshipa ufungwe. Ikiwa imetulia, huenda akapigwa picha ya CT na kulazwa chini ya uangalizi. Jamaa wasidhani ametelekezwa. Wengu wengi hupona bila kisu. Akiruhusiwa kwenda nyumbani, asibebe mizigo wala kupanda pikipiki hadi daktari akubali, na maumivu yakirudi hata baada ya siku kadhaa, arudishwe haraka.

Damu anayoongezewa hutoka kwa wakazi wenzake. Mwenye afya njema, umri wa miaka 16 hadi 65 na uzani wa kilo 50 au zaidi, anaweza kuchangia katika kituo cha damu cha kanda kilichoko Embu.