Baridi Inayomuumbua Mchakachuaji wa Maziwa

Mchuuzi mjanja anaijua laktomita vizuri kuliko anavyodhani mnunuzi. Kifaa hicho hupima uzito wa maziwa ukilinganishwa na ule wa maji, na maziwa safi ya ng'ombe husoma kati ya 1.028 na 1.032 hivi. Ukitia maji, kipimo hushuka. Lakini ukiengua krimu kwanza, kipimo hupanda, maana mafuta ni mepesi. Kisha unaongeza maji mpaka kirudi palepale. Mnunuzi kaibiwa mara mbili, na laktomita imeyapitisha maziwa hayo.

Kipo kipimo ambacho ujanja huo haufui dafu mbele yake: kuyagandisha maziwa.

Maji matupu huganda kwenye nyuzi 0 za Selsiasi. Yenye kitu kilichoyeyuka ndani yake hudai baridi zaidi. Barafu hujengwa na molekuli za maji peke yake, na wakati wote zipo zinazoishika na zinazobanduka kurudi majini. Sukari au chumvi ikiwamo, molekuli za maji zinazoifikia barafu hupungua, ila zinazobanduka hazipungui. Mpaka baridi izidi ndipo barafu inashinda. Ndiyo maana maji ya bahari huganda karibu nyuzi 1.9 chini ya sifuri, na ndiyo maana nchi za theluji humwaga chumvi barabarani.

Katika miaka ya 1880, Mfaransa François-Marie Raoult, akifanya kazi Grenoble, alipima myeyusho mmoja baada ya mwingine akaona kwamba kinachohesabika ni wingi wa chembe, wala si aina yake. Gramu 342 za sukari katika kilo moja ya maji hushusha kiwango cha kuganda kwa nyuzi 2 hivi. Chumvi, gramu 58 tu, hukishusha kwa zaidi ya nyuzi 3, kwa kuwa ikiyeyuka hugawanyika kuwa chembe mbili mbili.

Sasa turudi kwenye maziwa. Mafuta hayayeyuki majini, na molekuli za protini ni kubwa lakini chache, hivyo karibu hazihesabiki. Kazi yote hufanywa na laktosi, yaani sukari ya maziwa, pamoja na chumvichumvi. Hapo ndipo maumbile yanaponistaajabisha: ndani ya kiwele, maziwa hukaa katika mizani na damu ya ng'ombe, kwani wingi wa chembe ukitofautiana, maji huhamia upande wenye chembe nyingi. Ng'ombe na akonde kiangazi au anenepe masika, krimu iwe nyingi au haba, maziwa yake huganda karibu nyuzi 0.52 chini ya sifuri.

Kifaa chenyewe huitwa krayoskopu. Hupokea mililita chache tu za maziwa, huyapoza hadi nyuzi 3 hivi chini ya sifuri yakiwa bado majimaji, kisha huyatikisa ghafla. Barafu huanza papo hapo, na kwa kuwa kuganda hutoa joto, kipimo hupanda kisha kutulia. Pale kinapotulia ndipo husomwa. Kikisoma −0.468 badala ya −0.520, pengo ni sehemu moja ya kumi: katika kila lita 10, lita moja ni maji.

Hata hivyo kifaa hiki nacho kina mlango wa nyuma. Anayetia maji pamoja na chumvi au sukari anaweza kukirudisha kipimo mahali pake. Maziwa yaliyoanza kuchacha nayo hudanganya, kwa sababu bakteria huivunja laktosi kuwa chembe nyingi zaidi za asidi, na maji yaliyoongezwa yakafichika.

Kwa hiyo vyama vya ushirika vyenye uwezo wa kununua krayoskopu vinunue, lakini laktomita isitupwe. Maziwa yapimwe kwa vyote viwili, yangali mabichi, asubuhi ileile yalipokamuliwa.