"Hana Presha": Tatizo la Istilahi katika Kupima Shinikizo la Damu la Mbwa Aliyepewa Nusukaputi

Masasi na Newala ni wilaya jirani za Mkoa wa Mtwara, ingawa Newala iko ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde na Masasi iko chini yake, upande wa magharibi. Nyumbani husikika Kimakonde, Kiyao na Kimakua. Mbele ya daktari wa mifugo lugha aghalabu ni Kiswahili. Kati ya 2010 na 2015 mkoa huo ulikuwa miongoni mwa maeneo ya kusini-mashariki yaliyohusika katika kampeni ya kuchanja mbwa dhidi ya kichaa. Chanjo haihitaji nusukaputi. Kumhasi mbwa kunaihitaji, na hapo ndipo neno moja linapoweza kuleta maafa.

Nusukaputi (nusu ya Kiarabu na kaputi inayohusishwa na Kijerumani) ni neno linalosema kweli kuliko istilahi nyingi zilizobuniwa vikaoni. Dawa hiyo hulegeza mishipa na kupunguza nguvu ya moyo, hivyo shinikizo hushuka. Shinikizo la wastani likikaa chini ya milimita 60 za zebaki, figo hukosa damu ya kutosha, na madhara yaweza kudhihirika baada ya mbwa kuamka. Kwa hiyo hupimwa kila dakika 5, kwa mkanda wenye upana wa takriban asilimia 40 ya mzingo wa mguu. Mkanda mpana mno hutoa kipimo pungufu. Mwembamba mno hukizidisha, na hili la pili ndilo la hatari zaidi, kwani humtuliza mpimaji bure. Kugusa mapigo pajani hakutoshi: kidole huhisi tofauti baina ya shinikizo la juu na la chini, si wastani.

Sasa tuchukue msaidizi anayesema, "Mbwa hana presha." Katika mazungumzo ya kawaida hiyo ni habari njema, maana presha, isipofafanuliwa, ni maradhi ya shinikizo lililopanda. Katika meza ya upasuaji yaweza kumaanisha kuwa mbwa anakufa. Ni kweli kwamba husemwa pia "presha ya kushuka", lakini penye haraka ufafanuzi huo hudondoshwa. "Shinikizo la damu" nalo halituokoi, kwa kuwa limekwisha kuwa jina la ugonjwa uleule. Kwa maoni yetu, dawa haimo katika kubuni istilahi nyingine, bali katika umbo la taarifa: nambari kwanza, kisha kitenzi. "Hamsini na tano, limeshuka." Hapo daktari hupunguza dawa ya usingizi na kuongeza maji ya mshipani, bila kwanza kuuliza msaidizi alikusudia nini.