Jina Alilokwenda Nalo Kaburini

Kisa hiki cha Kanada kimeninyima usingizi. Desemba 1931, karibu na Mto Rat, askari alipiga hodi kwa mtega wanyama aliyeitwa Albert Johnson, kuuliza habari za mitego ya wenzake iliyochezewa. Akajibiwa kwa risasi. Polisi wakabomoa kibanda kwa baruti, Johnson akasalimika! Akamwua Konstebo Edgar Millen, akavuka milima ya theluji kwa miguu, akizificha nyayo zake katika njia za kulungu wa huko. Ndege ikamfichua. Akauawa Februari 17, 1932. Mfukoni: dola zaidi ya 2,000, wala hapana karatasi yenye jina. Mwaka 2007 mifupa ilifukuliwa Aklavik, ikapimwa vinasaba; majina kadhaa yaliyokisiwa yakakanushwa.